Shule Isiyoingia Mawinguni

Mwanamume akikuambia anakupenda, halafu mate hayajamkauka mdomoni akakutafutia shule ng'ambo ya milima, usimshukuru. Mwangalie vizuri kwanza. Mimi nilimwangalia Eliécer Tovar vizuri sana asubuhi ile, na nilichokiona ni kwamba yeye hakuniangalia.

Tulikuwa kwenye mkahawa wa mama yangu, nyuma ya ukuta wa uwanja wa ndege wa Vanguardia, ambako marubani wa Villavicencio, mji wetu huku Kolombia, hunywa kahawa kabla ya kuruka. Mama, ambaye wateja humwita Doña Ismenia, alikuwa jikoni akitoa mikate ya mchele kwenye tanuri. Nami nilikuwa nimemwekea Eliécer mezani habari iliyoninyima usingizi kwa furaha. Bosi wangu, Kapteni Baudilio, alikuwa ameniahidi kiti cha rubani msaidizi kwenye ndege yake kubwa, ila kwa sharti moja: nipate kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kuendesha ndege ndani ya wingu bila kuona nje, kwa kusoma vipimo peke yake. Mpaka siku ile nilikuwa narusha ndege ndogo ya injini moja kwenda vijiji vya mbugani, jua likiwaka. Wingu likitokea mbele, nageuza nyuma kama mbuzi aliyeona maji. Kapteni alitaka kusikia kufikia Ijumaa nimechagua shule gani. Nisipochagua, kiti kinakwenda kwa mpwa wake, kijana asiyejua hata kuegesha pikipiki.

Kwangu mimi hapakuwa na la kuchagua. Eliécer alikuwa mwalimu wa kuruka kwa vyombo katika shule ya Garza Roja, jirani kabisa na mkahawa. Tangu tuanze uchumba wimbo wake ulikuwa mmoja: siku nikija kusomea vyombo mwalimu wangu ni yeye, na hatanionea huruma.

"Basi siku imefika," nilimwambia. "Niandikishe. Jumatatu naanza."

Akaweka kikombe chini polepole.

"Usije kwetu, Nohora."

"Umesemaje?"

"Nenda Bucaramanga. Kuna shule pale inaitwa Santa Rita. Wanafundisha vizuri."

"Bucaramanga."

"Ndiyo."

"Nikakae huko miezi mitano."

"Labda sita."

Nilingoja acheke. Eliécer ana macho ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, na siku ya kwanza aliponisalimia kwa macho yale nilisahau nilikoegesha ndege. Lakini asubuhi ile macho yalikuwa yamekwama kwenye mlango wa jikoni.

"Nitazame basi."

"Nakutazama."

"Unatazama tanuri."

"Shule ni shule, mpenzi. Mtu anachagua ile itakayomfaa. Wale wana ndege nzuri, wana mashine mpya ya mazoezi, wana walimu..."

"Na nyinyi hamna?"

"Tunao."

"Sasa?"

Mama akatoka na sinia. Eliécer akanyamaza ghafla, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mama akaniwekea mkate mimi, akamwekea mzee wa meza ya pili, kisha akampita Eliécer kana kwamba kiti chake kilikuwa kitupu. Huyu ni mama yuleyule aliyekuwa akimchagulia mkate ulioiva vizuri kuliko yote, mpaka mimi mwanawe nikawa naona wivu.

"Na wa kwangu, Doña Ismenia?" Eliécer akauliza kwa upole.

"Umekwisha."

Sinia lilikuwa limejaa. Sote watatu tuliliona. Eliécer akasimama, akanibusu kwenye nywele, akaenda kazini bila kula. Mimi nikabaki na mkate wangu, na shaka imeshanikaa kooni.

"Ana mtu," Deyanira alisema.

Deyanira hujaza mafuta kwenye ndege zetu na habari kwenye masikio yetu. Alikuwa juu ya ngazi, bomba la mafuta likiwa ndani ya bawa la ndege yangu, na hakuhitaji hata kunitazama ili anipe hukumu.

"Mimi sijasema ana mtu."

"Ndiyo maana nakusemea. Yule mwanafunzi wake mpya umemwona? Xiomara, mwenye kucha za kuparulia paka. Na kucha zile, usukani anaushikaje?"

"Anamfundisha tu."

"Na wewe si alisema atakufundisha tu? Shoga, akufukuzaye hakwambii toka. Anakwambia, 'Bucaramanga kuna shule nzuri.'"

Nilicheka ili asione kwamba limeniingia. Lakini Deyanira hajawahi kumaliza habari kwa mara moja, huwa anabakiza ya moto chini ya chungu.

"Na jingine. Majuzi nilimkuta Eliécer wako nyuma ya jiko la mama yako. Wamekaa wawili wananong'ona. Mama yako alikuwa analia."

"Mama halii."

"Basi alikuwa anakata vitunguu pasipo vitunguu."

Hili la mama kulia ndilo lililoniondolea kicheko. Baba yangu alikuwa rubani. Nilikuwa bado shule ya msingi siku alipoondoka kwenda Bogotá, akaingia kwenye wingu kati ya milima, asitoke. Enzi hizo Mama alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha redio cha kampuni yao, na sauti ya mwisho ya baba aliisikia yeye. Vanguardia nzima inajua hivyo. Alichosema baba, hakuna anayekijua. Mama hakumwambia padri, hakumwambia bibi yangu, hakuniambia mimi. Aliacha redio, akafungua mkahawa, na tangu hapo kila alfajiri kabla ya kuwasha tanuri hutoka nje kuitazama milima. Ikiwa imefunikwa, siku hiyo hupika bila kuongea na mtu. Hata kwenye misa ya kumbukumbu ya baba hukaa mkavu, akipepea uso wake kwa karatasi ya nyimbo.

Sasa mwanamke kama huyo alie mbele ya Eliécer kwa ajili gani? Nililizungusha jambo hilo njia nzima ya kwenda vijijini na kurudi. Labda Eliécer amekiri kwa mama kwamba hanitaki. Labda Mama ameligundua la Xiomara, na ndiyo maana mkate umekwisha. Kila nilivyolipindua nilijikuta mimi ndiye niliyeachwa, na kila mtu anajua isipokuwa mimi. Moyo uliniuma, sitaficha. Nilimpenda yule mwanamume kiasi cha kuijua injini ya ndege yake kwa mlio.

Kesho yake nikaenda Garza Roja kama mteja. Nilisimama mapokezi nikauliza maswali ya mtu anayechagua shule: ndege ziko ngapi na zinakaa gereji muda gani, mwalimu ni mmoja mwanzo hadi mwisho au wanabadilishana, mashine ya mazoezi inafanya kazi au ni pambo. Mama wa mapokezi alinijibu kwa tabasamu, akaniambia wana safari ya majaribio kwa wanaotaka kuonja kabla ya kujiandikisha. Mwalimu aliye na nafasi saa hiyo ni Kapteni Tovar.

Kapteni Tovar akatokea na faili mkononi, akaniona, akasimama.

"Unafanya nini hapa?"

"Nachagua shule. Si ulisema mtu achague itakayomfaa?"

Akamtazama mama wa mapokezi, akachukua ufunguo wa ndege. Tukatembea hadi kwenye ndege bila kugusana mikono, na nadhani hata wafagiaji waliona kuna ugomvi.

Kwenye kuruka kwa vyombo, mwanafunzi huvalishwa kofia yenye ukingo mrefu wa mbele. Sisi tunaiita kapota. Ukiivaa huoni dirisha, unaona vipimo peke yake, na mwalimu ndiye anakutazamia nje. Tulipokuwa tumepaa na mto Guatiquía umebaki nyuma, Eliécer akanivalisha. Kidole chake kikasukuma nywele nyuma ya sikio langu, kikachelewa pale kidogo. Alinukia sabuni na mafuta ya ndege. Nilitamani kulaza kichwa kwenye kiganja kile, na nikajichukia kwa kutamani.

"Xiomara naye unamrekebishia nywele?" nikauliza ndani ya kipaza sauti.

"Xiomara?"

"Mwenye kucha."

"Xiomara nimemwomba mara tatu akate hizo kucha. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Ni Deyanira, siyo?"

"Deyanira hajasema kitu."

"Deyanira amewahi kutosema kitu? Haya, geuka kushoto, nipeleke kaskazini."

Nikageuka. Nikampeleka kaskazini, nikampeleka magharibi, nikapanda, nikashuka, sindano zote zikitii. Nilijiona bingwa. Nilisubiri sifa.

"Unaiba," alisema.

"Naiba nini?"

"Jua. Kivuli cha dirisha kinatembea juu ya vipimo kila ukigeuka. Unakifuata hicho, sindano unazitazama baadaye."

Nilikaza macho kwenye sindano, maana ilikuwa kweli.

"Usione haya, wanafunzi wetu wote wanaiba hivyo. Wengine wanachungulia pembeni ya kapota. Tunaruka asubuhi, mbingu safi, wanaiba, tunawapa hongera, wanakwenda kufanya mtihani wanapita."

"Na kwenye wingu lenyewe mnawapeleka lini?"

"Hatuwapeleki. Mwenye shule hataki, milima iko karibu mno. Mtu anatoka kwetu na kibali cha kuruka mawinguni na hajawahi kuingia hata wingu moja."

"Na serikali inajua?"

"Ni halali kabisa. Mtihani haudai wingu. Wingu ndilo linalodai, baadaye."

Nikaligeuza hilo kichwani. Lilikuwa jibu zuri, na mimi majibu mazuri huyatilia shaka zaidi kuliko mabaya.

"Kama ni hilo tu, ungeniambia jana mezani. 'Nohora, kwetu hatuingii mawinguni, nenda kwa wanaoingia.' Ungeshindwa?"

"Jana nisingeweza."

"Kwa nini?"

"Niliombwa nisiseme."

"Na nani?"

Injini ikaongea peke yake.

"Mficha uchi hazai, Eliécer. Sema tu una mtu, nijue."

"Sina mtu. Nohora, funga macho."

"Sitaki michezo."

"Huu si mchezo. Funga macho, inamisha kichwa. Usukani ni wako. Nipeleke mbele moja kwa moja kwa jinsi mwili wako unavyokuambia. Mimi sigusi kitu."

Nikafunga. Hasira zilinisaidia kutulia. Nilihisi kiti chini yangu, mabega yamekaa sawa, tumbo limetulia. Hakuna kilichoyumba.

"Uko vipi?" akauliza.

"Niko sawa."

"Una hakika?"

"Niko sawa. Nimenyooka."

Nikamsikia akivuta pumzi kwa nguvu.

"Vua kapota. Fungua macho."

Ndege ilikuwa imelala kwenye bawa la kushoto, pua inatazama chini, na mashamba ya mpunga yamejaa dirishani kwangu yakizunguka. Mikono ya Eliécer ilikuwa mapajani mwake. Hakugusa.

"Vipimo," alisema tu.

Nilinyoosha mbawa, nikainua pua, jasho likinitiririka mgongoni. Mwili wangu bado ulinipigia kelele kwamba sasa ndipo nimepinda.

"Ningeapa," nikasema. "Mbele ya Bikira ningeapa nilikuwa nimenyooka."

"Kila mtu angeapa. Baba yako naye alisema hivyohivyo, 'Niko sawa, nimenyooka,' na kumbe..."

Akaacha hapo, akafumba mdomo, lakini neno limeshatoka.

Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Nohora, tafadhali."

"Baba alisema hivyo? Nani alikuambia?"

Hakuwa na haja ya kujibu. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyeyasikia maneno yale. Nilikuwa nimemtafuta mchawi wangu kwenye kucha za Xiomara, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Tutue," nilisema.

Nilimkuta Mama peke yake akisugua masinia. Wateja wa mchana walikuwa wamekwisha kuondoka. Nikavuta kiti cha Eliécer, kile cha karibu na dirisha, nikakikalia.

"Baba alisema, 'Niko sawa, nimenyooka.'"

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Hakugeuka.

"Kijana yule hana kifua," akasema hatimaye.

"Limemponyoka. Lakini ulimwambia yeye, mimi mwanao hukuniambia."

"Wewe ningekuambia ili iweje? Ulale nayo kama ninavyolala nayo mimi?"

"Na yeye ulimwambia ili iweje?"

Mama akajifuta mikono, akaja akakaa mbele yangu. Nimezoea kumwona amesimama. Akikaa anaonekana mdogo.

"Nilimwomba akufundishe hapa hapa. Garza Roja hawaingii mawinguni, nani asiyejua? Nikamwambia mpe karatasi yake aifurahie, apate kiti chake kwa Baudilio, ila wingu usimzoeshe hata siku moja. Nilitaka uliogope. Mtu akiogopa anageuza, anarudi nyumbani kula."

"Mama, kwenye ndege ile kubwa sitageuza. Nitapangiwa safari, na wingu litakuwepo, niwe nimelizoea au la."

"Hivyo hivyo ndivyo alivyonijibu." Akacheka kidogo bila furaha. "Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza ya redio, yote, nikalia mbele ya mtoto wa watu. Akanishika mkono. Nikajua nimempata. Kisha akasema, 'Doña Ismenia, siwezi. Mume wako hakufa kwa kuingia kwenye wingu. Alikufa kwa kujiamini ndani yake. Nikimfundisha Nohora hapa, nitamfundisha kujiamini.'"

Nilimwacha aendelee.

"Nikakasirika. Nikamwambia, ukimpeleka kwenye shule ya mawingu, meza yangu huikalii tena, na mkwe wangu huwi, naapa kwa msalaba wa marehemu. Na haya niliyokueleza ukimwambia mwanangu, ni hivyo hivyo."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama naweza kumruhusu amalize kahawa yake."

Nililia na kucheka kwa pamoja. Nilimwona vizuri kabisa, mikono yake mikubwa, kikombe kidogo.

"Akaimaliza?"

"Yote. Akasema asante. Akaenda akasuuza kikombe mwenyewe."

Nje ndege ilipaa, na Mama, kama kawaida yake, akaisikiliza mpaka ikapotea.

"Nakwenda Bucaramanga, Mama."

"Mlango ule pale," akasema, akarudi kwenye masinia yake. Mama yangu alikuwa amenifukuza kwa maneno, na hata hivyo sikumwamini, maana alisugua sinia lile lile ambalo lilikuwa safi tangu nilipoingia.

Msinielewe vibaya. Kumpenda mtu upya hakunifanyi niwe mjinga. Kabla sijampa Kapteni Baudilio jibu niliipigia simu ile Santa Rita mwenyewe, kwa sababu maneno ya wapenzi hayajawahi kuwa ushahidi. Akapokea mwalimu wao mkuu, mwanamke mwenye sauti ya tumbaku. Nilikuwa na swali moja.

"Mnaingia?"

Hakuuliza wapi.

"Likiwepo tunaingia," alisema. "Lisipokuwepo tunalingoja."

"Na mwanafunzi akitapika?"

"Anafuta, tunarudi juu. Unakuja au unapiga stori?"

Nikamwambia nakuja.

Eliécer alinisindikiza kituo cha mabasi. Mama hakuja. Tulisimama kando ya begi langu, watu wakitupita na kuku na vitanda vya bembea, na sote wawili tulikuwa tunatazama njia ya kutokea mkahawani bila kukiri.

"Hatakuja," nilisema.

"Pengine amechelewa."

"Mama hajawahi kuchelewa. Ameapa kwa msalaba wa Baba. Wewe humjui akiapa."

"Nimeanza kumjua. Siku hizi nakula biskuti."

Nikamshika kola ya shati. Nilikuwa na hasira zangu bado, kidogo, na nilitaka abaki nazo.

"Ulikubali kunipoteza bila hata kuniuliza."

"Nilikuwa na njia mbili za kukupoteza, Nohora. Nikachagua ile ambayo unaweza kurudi."

Nilimbusu hadharani, katikati ya kituo, mpaka dereva akapiga honi na bibi mmoja wa dirishani akasema wengine tuna safari. Nilipokaa kwenye kiti nilimwona amesimama palepale, mikono mfukoni, akijifanya anasoma ubao wa nauli.

Wiki za kwanza Mama hakutaka simu yangu. Nikipiga mkahawani anapokea, anasema ana wateja, anakata. Nikapiga saa ambayo najua hakuna wateja, bado walikuwepo. Eliécer naye aliniandikia kila siku, lakini nikimuuliza habari za Mama ananijibu habari za hali ya hewa, nami nikaanza tena kunusa. Kuna kitu walikuwa wananificha wale wawili.

Kisha likaja wingu langu. Lilikuwa zito na jeupe, na lilipotufunika hapakuwa na jua la kuiba wala pembeni ya kuchungulia. Mwalimu mwenye sauti ya tumbaku alikunja mikono kifuani kama mtu anayengoja basi. Ndani ya muda mfupi mwili wangu ukaniambia nageuka kulia, ukaniambia kwa uchungu, kama ndugu anayekusihi. Niliwaza sauti ya baba. Niliwaza viganja vya Eliécer vimetulia mapajani, na jinsi ilivyompasa kunipenda ili asiguse. Tulipotoka upande wa pili shati langu lilikuwa limelowa, na milima yote ilikuwa chini yetu.

Nilipotua tu nikapiga mkahawani.

"Mama, leo nimeingia."

Nilingoja akate. Hakukata. Nilisikia vijiko, nikasikia mlango wa tanuri.

"Uko sawa?" akauliza.

Neno lilinifika kwenye ulimi, nikalizuia.

"Mwili uliniambia nageuka kulia, Mama. Ningeapa. Kipimo kikasema nimenyooka."

"Ukafuata kipi?"

"Kipimo."

Nikasikia akiweka sinia chini.

"Basi kuanzia leo ukinipigia usiniambie uko sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Sitaki kulisikia tena neno hilo. Niambie kipimo kimesema nini."

"Nitakuambia, Mama."

Akasogeza simu mbali na mdomo, nikamsikia akimwambia mtu, "Acha huo, umeungua. Chukua huu." Kisha mtu akakohoa.

"Nani huyo, Mama?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja tu. Kila asubuhi anasimama nje ya uzio na biskuti zake, ananiharibia sura ya biashara. Leo nimemwambia aingie akae, watu wasije wakanisema."

"Na mkate umempa?"

"Ulibaki."

Tangu mkahawa ule ufunguliwe, Mama hajawahi kubakiza mkate. Nikamuuliza na kile kiapo cha msalaba kimeishia wapi, akasema hayo atamalizana na marehemu mwenyewe, na kwamba simu ni gharama. Lakini hakukata. Aliiweka tu mezani, akaenda zake kwenye tanuri, nami nikabaki nasikiliza. Baada ya kidogo kiti kikaburutwa, mtu akasema asante, bomba likafunguliwa, na nikamsikia anasuuza kikombe.